Wa Nne Kutoka Mlangoni

Mchoraji wa katuni nampima kwa jambo moja tu: ukigeuza ukurasa, mtu wake bado ni yule yule? Wengi hushindwa hapo. Ukurasa wa kwanza shujaa ana pua ya mjomba wake, ukurasa wa tatu pua imekuwa ya jirani, na kufikia mwisho unamtambua kwa shati peke yake. Wachoraji wa aina hiyo siwasamehe. Nimenunua katuni kando ya barabara za Nairobi tangu nikivaa sare ya shule, na hata baada ya kuajiriwa kampuni ya bima kule Upper Hill bado nilikuwa nikichuchumaa mbele ya magunia ya vitabu saa ya chakula cha mchana, viatu vya kisigino na yote, bila aibu.

Ugonjwa huu niliambukizwa na kaka yangu Wachira. Yeye mwenyewe alikuwa anachora. Ndiye aliyenifundisha kwamba mikono ni migumu kuliko nyuso, na kwamba mchoraji mvivu humfanya kila mtu atie mikono mfukoni. Jicho lake la kushoto lilikuwa na makengeza. Ukizungumza naye, la kulia lilikuangalia wewe na la kushoto likamwangalia aliyesimama kando yako, hata kama hapakuwa na mtu. Watoto wa mtaa wetu wa Waithaka walimcheka mpaka wakachoka. Mama alimwahidi kwamba siku moja atampeleka kwa daktari likanyooshwe, na siku hiyo ikawa inasukumwa mbele kila mwaka, mara karo, mara paa la nyumba.

Mwaka wa 2001 Wachira alitoka nyumbani asubuhi kwenda mjini kununua wino, na hakurudi.

Tulimtafuta. Vituo vya polisi, wodi za hospitali, marafiki, hata msichana mmoja wa Kinoo ambaye hatukujua kama yupo. Mahali pamoja tu hatukwenda, napo ni mochari, kwenye chumba cha maiti. Mama alikataza. Alisema mbele ya wajomba na mchungaji kwamba atakayekwenda kumtafuta mwanawe kule atakuwa amemzika kwa mikono yake, na asikanyage tena kwake. Wajomba wakatazamana, mchungaji akaomba, na hakuna aliyekwenda. Kitambulisho cha Wachira kilikuwa kimebaki kwenye droo ya kabati la vyombo. Mama alikuwa akikitoa na kutuonyesha: mtu haendi mbali bila kitambulisho. Mimi sikubishana naye, kwa sababu hata mimi nilitaka iwe hivyo.

Miaka minne ikapita tukiwa hivyo, nyumba ya watu wanaosikiliza geti.

Muuza vitabu wangu anaitwa Muthama. Alikuwa akitandaza gunia lake karibu na barabara ya Tom Mboya, pembe zote nne zikiwa na kamba, ili kanjo, askari wa jiji, wakitokea avute, abebe na kutimua mbio. Siku hiyo ya 2005 aliponiona alitoa kitu chini ya goti lake.

"Customer, sasa. Hii nilikuwekea. Ni msee wa hapa tu ameichora."

Kilikuwa kijitabu cha fotokopi, kimebanwa kwa pini mbili za stepla. Jaladani paliandikwa kwa mkono, *Benchi Refu*. Jina la mchoraji halikuwepo.

"Inahusu nini?"

"Watu wameketi tu," Muthama akasema. "Lakini jaribu kuisoma, uone kama utapata usingizi."

Nilikisoma nikirudi kazini na nusura nigongwe na mkokoteni. Hadithi yenyewe haikuwa na mambo mengi. Kuna chumba, ndani yake benchi limeegemea ukuta, na watu wameketi wakingoja. Mwisho wa benchi kuna mlango. Watu wale huongea kidogo, vitu vya kawaida: maandazi ya mahali fulani yalikuwa makubwa, mvua ya mwaka ule ilibomoa daraja. Hakuna anayekumbuka jina lake mwenyewe. Halafu kiputo cha maneno kinatokea upande wa pili wa mlango, na ndani yake jina kamili la mtu. Aliyeitwa anasimama, anasema "Ni mimi," anatoka. Waliobaki wanasogea na kuziba nafasi. Basi, mwisho.

Lakini uchoraji. Nimesema nampima mchoraji kwa nyuso, na huyu hakukosea hata uso mmoja. Kila mtu alibaki mtu wake, kutoka mbele, kutoka upande, akiwa ameinama. Mikono yote ilikuwa juu ya magoti, ikionekana vizuri, kila mmoja na kucha zake. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani. Ndipo nikafika karibu na mwisho, penye kijana aliyeketi mbali na mlango, na furaha ikanitoka.

Alikuwa na kovu linalokata unyusi. Sikio moja limekunjika juu. Mwanya. Kidole gumba kinasugua cha shahada, vile Wachira alivyokuwa akifanya akifikiri. Ncha za vidole zilikuwa zimepakwa weusi, nikalaumu mashine ya fotokopi. Alikuwa Wachira kabisa isipokuwa kitu kimoja: macho. Yote mawili yalikuwa yamenyooka, yananitazama mimi.

Jioni nikamwonyesha Mama. Katuni si vitu vyake, huita zote mambo ya watoto. Alivaa miwani, akakaa na ukurasa ule muda mrefu, kidole chake kikitembea juu ya kovu.

"Amenona kidogo," akasema mwishowe. Kisha: "Na hii jicho wameinyoosha."

"Mami, inaweza kuwa mtu mwingine anayefanana naye."

"Wewe Cate, mimi ndiye nilimzaa ama ni wewe?"

Kwa hiyo tukaelewana bila kuelewana. Kuna mchoraji, mchoraji huchora anachokiona, basi mchoraji amemwona Wachira. Na Wachira huyo amepata pesa, amekwenda kwa daktari wa macho, anakula vizuri mahali alipo. Kilichobaki ni yeye kukumbuka nyumbani. Toleo la pili lilipotoka, Mama aliniuliza hata kabla sijavua koti, "Anaendeleaje?" Aliuliza vile mtu anavyouliza habari za mgonjwa anayepata nafuu.

Alikuwa anaendelea. Hilo ndilo lililoniziba mdomo. Katika toleo la pili alikuwa na ndevu. La tatu, paji la uso lilikuwa limeanza kupanda. La nne, na hapo tulikuwa tumefika 2007, alikuwa na mvi chache juu ya masikio, pale pale zilipoanzia za marehemu baba yetu.

"Mtu amekufa hazeeki," Mama akasema, akafunga kijitabu.

Mimi niliyesoma chuo, ninayelipwa kukadiria nani atakufa lini, nikakubali. Nikaanza hata kumkasirikia. Nilimwona akizeeka huko aliko, amenyooshwa macho, hana haja nasi, na nikapanga maneno makali ya kumwambia siku nitakayompata.

Nyumbani mambo yalianza kunitia baridi. Mama aliweka vijitabu vile kwenye kiti alichokuwa akikalia Wachira, wazi kwenye ukurasa wake. Akiwa anachambua mchele alimpa habari: ng'ombe amezaa, Wanjugu wa dukani ameolewa, ukuta wa kanisa umepakwa rangi mbaya. Kumwambia habari si neno. Kilichonisumbua ni kwamba alikuwa akinyamaza kati ya habari moja na nyingine, muda wa kutosha mtu kujibu, halafu akaitikia kwa kichwa na kuendelea. Nikawa napitia mlango wa jikoni.

Na benchi lilikuwa linafupika. Kila toleo jina moja liliitwa, mara nyingine mawili, na waliobaki wakasogea. Wachira sasa alikuwa wa nne kutoka mlangoni. Mama aliwahesabu kwa kidole na kusema akifika mlangoni atarudi. Mimi niliuogopa mlango ule. Ulikuwa mlango wa mbao wa kawaida, una ufa unaoshuka kutoka kwenye bawaba ya juu, na msumari mmoja uliopinda ambao kila mtu aliuacha bila kuugonga.

Kazini nakaa meza moja na Nzula, mtu wa Machakos, mcheshi sana. Siku moja aliona toleo la pili juu ya faili zangu, akalifungua akitaka kunitania. Hakutania. Alifika kwenye mwanamke aliyevaa leso ya maua, yule anayeitwa katika toleo hilo, akaugeuza na kuurudia ukurasa ule hadi nikamgeukia.

"Hii ulitoa wapi?"

"Mjini. Kwani nini?"

"Huyu ni aunty yangu. Kavutha. Alipotea kitambo, tukamfanyia ibada mwaka juzi." Akaweka kijitabu chini polepole. "Uncle wangu ndiye alienda kwa huyo mchoraji. Huyo mchoraji anaitwa Kiema. Anakaa Mutuini, nyuma ya posho mill."

"Mutuini hii yetu?"

"Hiyo hiyo."

"Na aliwaambia nini?"

Nzula akachukua kalamu yake, akairudisha. "Enda mwenyewe, Cate. Hiyo si kitu mtu anaambiwa na mwingine."

Ukitoka kwetu Waithaka kwenda Mutuini huhitaji gari. Jumamosi asubuhi nilipita mashamba ya mahindi na sukuma, nikapita nyumba mpya za kupangisha zenye nguo kila dirisha, na njia nzima nilikuwa naiwaza miaka ile. Mtu aliyemjua kaka yangu alikuwa akinunua unga pale ambapo sisi pia hununua. Nilimkasirikia huyo Kiema kabla sijamwona. Nyuma ya posho mill, pale panaposagwa unga, palikuwa na ploti ndefu ya vyumba vya mabati, na mwisho wake mlango wa mbao. Ufa ulishuka kutoka kwenye bawaba ya juu. Msumari ulikuwa umepinda.

Nilisimama mbele yake nikiwa na kijitabu mkononi, nikafikiri nirudi nyumbani. Kisha nikabisha.

"Ingia, haijafungwa," sauti ikasema.

Ndani palinuka wino na mafuta ya taa. Benchi liliegemea ukuta wote wa kushoto, tupu, nami nikaketi bila kungoja kukaribishwa. Kiema alikuwa mtu mwembamba wa makamo, amevaa sweta iliyotoboka kiwiko, ncha za vidole vyake nyeusi. Alikuwa mezani karibu na dirisha. Hakuniuliza nimetoka wapi wala jina langu.

"Ni nani?" akauliza.

Nilinyoosha kijitabu. "Huyu. Wa nne kutoka mlangoni."

Aliangalia ukurasa, kisha akaangalia mahali nilipokuwa nimeketi. Nami nikaangalia: mahali pa nne kutoka mlangoni. Sikuwa nimechagua. Nikasimama upesi, nikaenda kuegemea ukuta wa upande wa pili.

"Wengi huketi mahali pa mtu wao," akasema, bila mzaha. "Usijali."

"Nimekuja kuuliza kitu moja. Yuko wapi?"

"Nitakwambia. Lakini kwanza nisaidie, siste. Macho yake yalikuwa aje?"

Nikadhani ananichezea. "Si umechora wewe? Ulimwona. Umemchora miaka yote hii."

"Nilimwona."

"Sasa hukuona macho?"

"Hapana," Kiema akasema. "Wakati nilimwona yalikuwa yamefungwa. Wote hawa nilipata yamefungwa."

Nje, mashine ya kusaga ilianza kunguruma, na ukuta wa mabati ukatetemeka mgongoni mwangu. Nilielewa mara moja na nikakataa kuelewa, yote mawili kwa pamoja.

Alinieleza polepole. Aliwahi kupata kibarua katika mochari moja, hakutaja ipi. Picha za kamera za watu wasiojulikana zilikuwa zikiwatisha waliokuja kutafuta, kwa hiyo wakataka mtu wa kuwachora walivyokuwa wakiwa hai. "Unamwosha uso kwa penseli. Unamchana nywele. Unamfungua macho. Macho ndiyo nilikuwa najitungia tu." Michoro ilibandikwa kwenye korido ambayo hakuna mtu hupita. Muda wa kungojea jamaa ukaisha, waliochorwa wakazikwa pamoja, kibarua nacho kikaisha. Michoro yake alikuja nayo.

"Huyu ilikuwa gari. Pale kwa roundabout ya Haile Selassie. Hakuwa na kitambulisho. Namkumbuka kwa sababu ya mfuko. Alikuwa na chupa ya wino na ilikuwa imepasuka, ikamwingia vidole. Nikaona, huyu ni wa kazi yangu."

Niliangalia vidole vya Wachira kwenye karatasi. Miaka yote nilikuwa nimelaumu mashine ya fotokopi. Nililia hapo, nikiwa nimesimama, na sikujali sauti.

Baadaye nikamuuliza kwa hasira, maana hasira ndiyo ilikuwa imebaki, kwa nini basi alikuwa akizeeka. Nilimwambia ametudanganya kwa mvi zile. Kiema alipangusa kalamu yake kwa kitambaa.

"Nilimwonea huruma abaki tu vile," akasema. "Hata wewe ungemwonea. Nikaona wacha aendelee kidogo kidogo, kama watu wengine."

Nilijifuta macho kwa mkono.

"Na hao wanaoitwa?"

"Ni watu kama wewe wamebisha hapo. Wakinipa jina, naandika jina. Wasiponipa, anakaa. Halazimishwi mtu." Akavuta karatasi safi. "Unataka aitwe?"

Jina lilinifika kooni. Nikamkumbuka Mama mbele ya wajomba, nikalimeza. Nilimwambia jina hilo si langu kulitaja, nitamwambia macho peke yake. Nikasimama nyuma yake nikamwelekeza: la kulia liache lilivyo, la kushoto livute kando, zaidi, zaidi kidogo. Penseli iliposimama, Wachira alikuwa ananitazama. Jicho la kushoto lilikuwa likitazama mlango.

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, anaambua minji kutoka kwenye maganda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanipotea. Nikampa karatasi tu. Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika mbali, kisha karibu.

"Sasa huyu ndiye," akasema.

"Mami..."

"Nilijua," akasema, macho yake bado kwenye karatasi. "Siku ile ya kwanza, nikiona hiyo jicho imenyooka, nilijua. Wachira hangetengeneza jicho akose kuja kunionyesha. Angekuja mbio." Akaokota punje ya minji iliyoanguka, akaitia kwenye bakuli. "Lakini alikuwa anazeeka vizuri. Nikasema wacha nimwone tu."

Niliketi kando yake tukaambua minji zote, na nyingine ambazo hazikuhitajika. Kabla ya kuinuka aliniambia kwamba kesho baada ya kanisa nimpeleke.

Alivaa koti lake la kijani na kitambaa cha kichwa cha Chama cha Akina Mama, na mkononi akashika kitambulisho cha Wachira. Mbele ya ule mlango aliutazama ufa, akagusa msumari uliopinda, akabisha mwenyewe. Kiema alisimama alipomwona, akamwambia karibu mama. Juu ya meza ukurasa ulikuwa tayari: benchi, watu, mlango, na kiputo cha maneno kisicho na kitu ndani. Alishika kalamu akingoja.

Mama hakumwangalia. Alikuwa akiliangalia benchi tupu la ukutani, kutoka mwisho hadi mwisho, mpaka macho yake yakasimama mahali nilipokuwa nimeketi jana. Nilitazama nami. Vumbi lilikuwa kwenye mbao nzima isipokuwa hapo, na nikajiambia ni mimi niliyelifuta. Alipofungua mdomo haikuwa sauti ya msibani. Ilikuwa ile ya kutuita jioni tukiwa bado tunacheza barabarani na ugali uko mezani, yenye uchovu na haraka ndani yake.

"Wachira," akasema. "Twende."

Kalamu ya Kiema ilikwaruza karatasi. Kisha Mama akaweka kitambulisho juu ya meza, akasema asante, akatangulia kutoka, na akaushikilia mlango wazi kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyohitaji mimi kupita.

Tulirudi Waithaka kwa miguu. Njia ile ni nyembamba, ina mahindi huku na huku, na watu wawili huipita wakigusana mabega. Mama alitembea pembezoni kabisa upande wa kushoto, koti lake likikwaruzwa na majani, nami nikatembea pembezoni kulia, na hatukuiziba ile nafasi ya katikati mpaka tukafika kwetu.